Bunduki ya Plastiki na Kanda ya Meli

Kila nikikutana nanyi mnaniuliza ilikuwaje, na kila nikianza kueleza mmoja wenu anadakia, mwingine anacheka, na hadithi inaishia kwenye feri. Basi nimeamua kuiandika, mwisome kwa utulivu, kisha mniache ninywe chai yangu.

Najua wengine mtasema kwamba kutoka Likoni hadi Kisauni si safari. Nawaomba mjaribu nanyi, huku mmebeba deki ya video ya zamani mgongoni, halafu mje mniambie.

Maradhi yangu mnayajua. Nakusanya michezo ya video ya zamani, ile iliyokuja katika kanda na sahani ambazo hakuna duka linaloziuza tena. Nina kaseti za sauti zinazolia kama panya aliyebanwa na mlango kabla mchezo haujatokea, na nina diski pana kama sinia ya biriani. Mke wangu ameniachia kabati moja tu, na hilo kwa huruma.

Kilichonitoa nyumbani ni mchezo mmoja wa kulenga shabaha. Unatia kanda kwenye deki kama vile unataka kutazama sinema, meli za vita zinapita, unazilenga kwa bunduki ya plastiki, na kisanduku kilichounganishwa na televisheni kinahesabu ulizopiga. Meli haizami hata ukiipiga vipi, kwa kuwa filamu imeshapigwa na haibadiliki. Sisi watoto wa Changamwe hatukujali. Niliuona mara moja tu, nimening'inia kwenye dirisha la jirani, na zamu yangu haikufika.

Mwaka huu nikaipata bunduki na kisanduku chake kwa muuza vyuma chakavu wa Mtongwe, lakini kanda haikuwemo. Bila kanda, bunduki ile ni ya kujikunia mgongo. Nimewauliza wakusanyaji wenzangu hadi wa ng'ambo, na walio nayo hawaiachii. Tumaini likabaki kwenye kanda ileile niliyoiona dirishani, kama bado ipo duniani. Niliitaka sana, sitawaficha.

Likoni: jibu la kipumbavu

Niliondoka Ijumaa baada ya kazi. Deki niliifunga kwa shuka ndani ya mfuko mkubwa wa nailoni, bunduki nikaichomeka pembeni, kisanduku na nyaya juu yake. Kivukoni watu walikuwa wengi, na mizigo ilikuwa inakaguliwa. Askari wa kike, kijana wa bara kwa lafudhi yake, akatia mkono mfukoni mwangu na uso wake ukabadilika.

"Boss, simama kando. Hii ni nini?"

"Bunduki," nikajibu.

Ndiyo, nilijibu hivyo. Ningeweza kusema ni toi ya watoto, ningeweza kusema ni kifaa cha televisheni, lakini miezi mizima nimeiita bunduki na ulimi ukatoka na lililo jepesi. Foleni iliyokuwa imenibana ilipotea mara moja. Mama mmoja aliyebeba beseni la viazi vya karai alirudi nyuma bila hata kugeuka.

Mkubwa wao akaja. Nikaeleza kwamba ni ya mchezo, haina risasi wala tundu la risasi.

"Inapiga nini sasa?"

"Inapiga televisheni."

Hilo halikunisaidia. Feri zikaja zikaenda, na mimi nimesimama kando kama mwanafunzi aliyechelewa. Mwishowe mkubwa akaamuru mfuko wote ufunguliwe, na alipoiona deki akachuchumaa, akaipapasa kifuniko kwa kidole.

"Hizi bado ziko? Mamangu anayo moja, ilikufa. Wewe ni fundi?"

"Mimi si fundi, afande. Mimi nakusanya tu."

"Fundi wote wanasema hivyo wakiwa hawataki kazi," akasema, na sikumlaumu. Aliniruhusu kuvuka kwa sharti niifungue bunduki vipande viwili. Nikaifungua kwa bisibisi yangu palepale, mtutu nikautia mfuko mmoja na mpini mwingine. Yule mama wa viazi akanikuta tena ndani ya feri na kuniuzia vya moto, huku akinitazama kwa jicho la pembeni hadi tukafika ng'ambo.

Changamwe: umaarufu nisioutaka

Jirani mwenye dirisha lile ni Mzee Mutiso. Alikuwa mwendesha winchi bandarini pamoja na marehemu baba, na mchezo aliachiwa na baharia mmoja aliyekuwa rafiki yake. Alipostaafu hakurudi Ukambani. Nilimkuta mlangoni mwa nyumba yake, amevaa fulana ileile nyeupe ya enzi za winchi, au pacha wa fulana hiyo.

"Wewe si kijana ya Barasa? Umekuwa mzee kuliko mimi!"

Aliniingiza ndani, na mkewe akaleta muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, sahani iliyojaa hadi ukingoni. Nilipotaka kuuliza habari ya kanda nikaambiwa nile kwanza. Nilipomaliza nikaongezwa. Mzee Mutiso haongei mambo ya maana na mtu mwenye njaa, na kwake kila mgeni ana njaa.

Wakati nakula, jirani alipita akaiona deki kwenye mfuko. Baada ya muda akarudi na redio. Nyuma yake mama mmoja na pasi, na nyuma ya mama, bwana mwenye blenda. Nikawaambia wote kwamba mimi si fundi. Kwa kuonyesha tu kwamba sijui kitu, nikaishika ile blenda, nikaitikisa, nikairudisha, na ilipochomekwa kwenye umeme ikanguruma! Tangu hapo hakuna aliyeniamini tena. Mkienda Changamwe leo mkaulizia fundi Barasa mtaelekezwa nyumba ya Mzee Mutiso.

Watu walipopungua ndipo mzee akanijibu.

"Hiyo kanda ya meli? Nilipea Omari wa Jomvu Kuu, yule alikuwa anashuti harusi. Alikuja hapa mbio, harusi inaendelea, kanda zimemwishia. Nikamwambia chukua hiyo, watoto wanapigana juu yake kila siku."

Nikaweka kijiko chini. Mlioishi zama hizo mnajua maana yake. Kanda iliyotoka kiwandani imevunjwa kijino nyuma ili isirikodiwe juu yake, lakini mafundi wetu wa harusi waliziba lile tundu kwa kipande cha plasta, basi, kanda mpya hiyo. Ni sinema ngapi zimelala chini ya harusi za Pwani, Mungu ndiye ajuaye. Nililala kwa Mzee Mutiso nikiwa nimekata tamaa, ila kurudi nyumbani bila kuhakikisha nako sikuweza.

Jomvu Kuu: Bi Rukia

Jumamosi asubuhi nilichukua bodaboda hadi Jomvu Kuu, kisha nikateremka kwa miguu vijia vya kuelekea msikiti wa zamani. Nyumba ya kina Omari nilionyeshwa na wa kwanza niliyemuuliza. Barazani alikaa bibi mmoja akichambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti. Na huo mzigo uweke chini, wakuvunja mgongo."

Alikuwa Bi Rukia, dada yake Omari. Omari mwenyewe yuko Uarabuni miaka mingi. Nikaeleza safari yangu tangu mwanzo, na nilipofika kwenye meli za vita akaacha mchele.

"Wallahi hiyo kanda naijua! Mimi ndiye niloitia harusi. Ndugu yangu alikuwa akichukua upande wa wanaume, mimi upande wa wanawake. Siku hiyo ilikuwa harusi ya Mwanahamisi, binti wa jirani yetu Bi Mize. Kanda zikatuishia, Omari akenda akaleta hiyo, nikaitia plasta, nikaanza. Mara betri ya kamera ikafa."

"Ikafa?"

"Ikafa, nami nataka kulia. Nimepata Bi Mize akimwimbia mwanawe na wanawake wakigonga pembe za vugo, basi. Baada ya hapo ukiitazama kanda ni meli, meli, meli! Watu wakinicheka: Rukia, hii harusi ya jeshi?"

Nilisimama. Nadhani nilipiga makofi. Mwisho wa kanda haukuguswa, meli zangu zilikuwa hai nyuma ya harusi ya watu. Bi Rukia akaniambia niketi, asije mtu akafikiri nimepandwa na mashetani.

Kisha akanieleza la pili. Bi Mize alifariki miaka michache baada ya harusi ile. Hakupenda picha, na mahali pekee alipoonekana akitembea na kuimba ni kwenye kanda hiyo. Mwanahamisi anaishi Mjambere, huko Kisauni, na kanda anayo, lakini deki yao iliharibika zamani.

"Hutakwenda peke yako," akasema. "Mtu mume, mgeni, aenda kuomba kanda ya mama wa watu? Utafukuzwa kwa jivu. Ngoja niswali, tule, tuende sote."

Kungoja kwake kulikuwa na mambo mengi. Paliswaliwa, tukala wali na samaki wa kupaka mtamu ajabu, pakatafutwa buibui jipya, likakosekana, likapatikana, halikufaa. Tuktuk tuliyoikodi nayo haikwenda moja kwa moja. Kila mahali Bi Rukia alikuwa na jamaa wa kuamkuliwa, na salamu zake hazikatizwi: hali yako, hali ya mumeo, hali ya wana, hali ya mguu wako. Dereva alizima injini akalala. Mimi nilikaa nimeikumbatia deki, na hasira zikinipanda na kushuka, hadi tulipovuka daraja la Nyali jua likiwa limeshalegea.

Mjambere: nilivyoharibu, na walivyonisamehe

Mwanahamisi ni mama wa makamo, mcheshi, ana mabinti wawili wakubwa. Mumewe Salimu ana kibanda cha vipuri vya baiskeli mbele ya nyumba. Walitupokea kwa kahawa na kaimati. Bi Rukia alieleza shida yangu vizuri kuliko ambavyo ningeieleza mimi, na Mwanahamisi akaingia chumbani akarudi na kanda, imefungwa ndani ya leso inayonukia udi. Kwenye kidirisha chake niliuona ukungu mweupe umetanda.

Nilitaka kumwondolea wasiwasi. Nikasema, "Usijali, dada. Nitaisafisha, kisha nitaitazama mwanzo hadi mwisho nihakikishe iko sawa."

Salimu akatazama kikombe chake. Mabinti wakatazamana. Mwanahamisi akairudisha kanda mapajani, akaifunika.

"Mwanangu," Bi Rukia akasema polepole, "hiyo ni ngoma ya ndani. Wanawake wamevua mabuibui, wamejipamba, wacheza. Haitazamwi na mtu mume. Huyu Salimu ndiye mwenye harusi, na hata yeye hajaiona."

Niliona haya hadi masikio yakawaka. Nimezaliwa Changamwe, nimekula harusi za Waislamu tangu utotoni, lakini siku zote nilikaa upande wa wanaume na wali wangu. Bi Rukia alikuwa ameniambia wazi kwamba alirikodi upande wa wanawake. Mimi nikasikia meli tu. Niliomba radhi, nikasema kama ni hivyo nitarudi Likoni.

"Hukujua," Mwanahamisi akasema. "Lakini niambie kweli. Nikiiacha hivi, itakuwaje?"

Nikamwambia kweli. Ukungu ule unakula kanda, na baada ya muda hakutabaki kitu. Nikiisafisha huenda ikacheza, lakini kanda iliyooza hivyo hukatika ovyo, na picha za pale ilipokatika hupotea. Ikibahatika itapita kwenye deki mara moja, labda mbili. Zaidi ya hapo siwezi kuapa.

"Basi naweza kumpoteza mama nikijaribu, na nikikaa kimya pia nampoteza."

Alituambia atatujibu asubuhi. Bi Rukia akalala na mabinti, mimi nikatandikiwa barazani kwa ndugu yake Salimu, na nilikuwa na hofu ya majibu yote mawili.

Jumapili: kusikiliza kwa mgongo

Alitoka na kanda mkononi kabla sijamaliza uji. "Bismillahi," akasema, akanikabidhi. Sikwenda kanisani siku hiyo, naomba padri asisome haya.

Bi Rukia alitaka kwanza kujua kama picha huonekana mtu akiiangalia kanda yenyewe. Nikaifungua, nikamwinulia utepe juani auone ni weusi mtupu. Akaukagua, akaridhika, hata hivyo akaketi kando yangu muda wote. Nilifuta utepe kwa kitambaa laini na spiriti, nikiuzungusha kwa kidole kutoka gurudumu hadi gurudumu, polepole kama mtu anayechana nywele za mtoto anayelala. Pale penye mikunjo nilishika pumzi, na Bi Rukia naye akashika yake.

Likatokea jambo la televisheni. Yao ni bapa, na bunduki yangu haielewani nazo. Jirani akakumbuka ana ile yenye chogo, ameiwekea mtungi wa maji juu yake. Ikaletwa, ikafutwa, ikawaka. Nikaunganisha deki na kisanduku, nikaifunga bunduki upya, nikawafundisha mabinti kitufe cha kuchezesha, cha kusimamisha na cha kurudisha nyuma. Wanawake wa mtaa walikuwa wameshajaa sebuleni. Nikatoka nje. Rangi zikikatika, niliwaambia, hapo ndipo meli zinaanza, kwa sababu kanda ya ng'ambo kwenye televisheni za kwetu haitoi rangi. Harusi ikiisha waniite.

Tukaketi barazani, mimi na Salimu, tumeupa mgongo dirisha. Macho ndiyo yaliyokatazwa. Sauti siku ya harusi ilisikika mtaa mzima, hivyo hakuna aliyetuambia tusogee.

Deki ikanguruma. Kukawa na mkwaruzo mrefu, nikafumba macho. Kisha pembe za vugo zikalia, vigelegele vikapaa, na sauti ya mwanamke mtu mzima, kavu kidogo, ikaimba:

*Wasemao na waseme, mkwe wangu mchukuzi,*
*Mwenye bega la kubeba, hatamwangusha mpenzi.*

Ndani mtu aliangua kilio, na nilijua ni Mwanahamisi. Lakini Salimu hapa nje alikuwa ameganda, kikombe kimesimama hewani.

"Kasema mchukuzi?" akaniuliza.

"Ndivyo nilivyosikia."

"Nilikuwa kibarua wa magunia bandarini nilipooa," akasema. "Yule mama hakunisemesha ila salamu, hadi siku anakufa. Mimi siku zote nilijua hakunitaka. Nilijua alimtoa mwanawe kwa kuwa hana budi."

Wimbo ulikuwa umeshapita. Harusini siku ile Salimu alikuwa upande wa wanaume, mtaa wa pili. Na mkewe, nadhani, hakuwahi kumwambia kwa sababu alidhani mumewe anajua.

Hapo vicheko vikalipuka ndani, na mlio wa mizinga, na sauti ya Bi Rukia: "Meli hizo! Nipeni mimi kwanza!" Mwanahamisi akatokea mlangoni, macho mekundu, anacheka.

"Barasa! Harusi imekwisha. Ingia upesi, zapita!"

Niliinuka. Miaka yote ile tangu dirisha la Changamwe, na sasa nilikuwa nimekaribishwa kwa jina. Nikamtazama Salimu. Kikombe bado alikuwa amekishika hewani. Mwanamume wa Pwani hamwombi mkewe, mbele ya mtaa, amrudishie wimbo wa mama mkwe.

"Dada," nikasema, "simamisha. Rudisha nyuma kwanza, mpaka pale kwa mama."

"Na ikikatika? Umesema labda mara mbili tu. Na meli zako je?"

"Ikikatika, na ikatikie hapo. Mumeo hakusikia vizuri."

Alimtazama mumewe. Sijui aliona nini, kwa maana mimi nilikuwa nimegeuza uso, lakini alirudi ndani bila kuuliza tena. Kelele za wanawake zikanyamaza. Nikasikia kitufe, na utepe ukirudi, ukilia ule mlio mwembamba ambao kwa kawaida huupenda na siku hiyo sikutaka kuusikia.

Vugo likaanza tena. Mtu ndani akaongeza sauti hadi mwisho. Salimu alisimama karibu na dirisha, mgongo wake ukutani, kichwa ameinamisha, na Bi Mize akamwimbia wimbo mzima, ubeti niliousikia na beti nyingine mbili ambazo sitaziandika kwa kuwa si zangu. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Kanda haikukatika. Vigelegele vikaisha, rangi zikaondoka, mizinga ikaanza kulia. Salimu akanisukuma begani kwa kiganja chake kigumu.

"Nenda, bwana. Mimi changu nishakipata."

Nikavua viatu, nikaingia.